Simbilisi wa jikoni na sindano ya insulini

Ukurasa wetu wa afya ya familia mwezi huu una habari iliyoanzia mlangoni kwa jirani. Kabla hatujaimaliza itatupitisha kwa mbwa wa Kanada, kwa ng'ombe wa machinjioni, na kwa wale simbilisi ambao wengi wetu tuliwaacha jikoni siku ile ya kukimbia.

Mama mmoja wa eneo letu (ametuomba tusimtaje jina) ana binti wa miaka 12 mwenye ugonjwa wa sukari wa aina ya kwanza, ule unaowashika watoto na vijana. Mtoto anachomwa insulini kila siku. Wiki ya tatu tangu aanze, paja likaanza kumuwasha. Palipochomwa palivimba, pakawa pagumu na pa moto. Bibi jirani, kwa nia njema kabisa, akamwambia yule mama: "Mwanangu, hiyo dawa inatoka kwa nguruwe na ng'ombe. Damu ya mtoto inaikataa. Mpumzishe kidogo."

Mama akampumzisha. Siku ya kwanza mtoto alikunywa maji na kukojoa usiku kucha. Siku ya pili akatapika, tumbo likamuuma, akawa anahema kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima mbio, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Usiku huo sungusungu ndio waliosaidia kumbeba hadi hospitali ya kambi.

Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini alipotoka wodini, mama alitujia na swali lake: "Sasa niambieni ukweli. Mwili wa mtu unaweza kuikataa dawa inayomwokoa, au yule bibi alinidanganya?"

Tulikwenda kuuliza kwa waganga, tukasoma, tukarudi kuuliza tena. Jibu lilitushangaza sisi wenyewe. Kumbe bibi hakudanganya. Alikosea mahali pamoja tu, ila mahali penyewe ndipo pa kufa na kupona.

Mbwa wa Toronto

Insulini si dawa ya kigeni kwa mwili. Kila mmoja wetu anaitengeneza mwenyewe ndani ya kongosho, kile kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Kazi yake ni kuifungulia sukari milango, itoke kwenye damu na kuingia kwenye misuli na sehemu nyingine za mwili zinazoihitaji. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana insulini yake tena, au anayo kidogo mno isiyotosha kitu.

Mwaka 1889, huko Strasbourg, madaktari Minkowski na von Mering walimtoa mbwa kongosho wakaona anapata kisukari. Miaka zaidi ya 30 ilipita kabla ya mtu kupata dawa kutokana na habari hiyo. Mwaka 1921, mjini Toronto, Frederick Banting na Charles Best walikamua maji ya kongosho na kuwachoma mbwa waliokuwa wametolewa kongosho. Sukari ya mbwa ikashuka. Tarehe 11 Januari 1922 walimchoma binadamu wa kwanza, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyebaki mifupa na ngozi. Dawa ilitoka kwa ng'ombe.

Na sikilizeni hili: sindano ile ya kwanza haikumfaa, tena ilimwachia jipu pale ilipoingia. Dawa ilikuwa na uchafu mwingi wa nyama ya kongosho, na mwili uliupokea kama unavyopokea uchafu wowote. Mwenzao James Collip akakaa usiku na mchana kuisafisha, na tarehe 23 mwezi uleule kijana akachomwa tena. Safari hii sukari ilishuka kweli, akapata nguvu, akaishi miaka mingine 13.

Kwa hiyo tangu wiki ya kwanza ya historia yake, insulini ilikuta mwili umeweka walinzi.

Mlinzi anaangalia kadi

Walinzi hao ndio kinga ya mwili. Wengine huzurura chini ya ngozi wakimeza kila wanachokitilia shaka, wanakikatakata, kisha wanawaonyesha wenzao vipande: "Huyu mnamjua?" Kama hajulikani, chembe nyingine za damu zinaanza kutengeneza kingamwili. Kingamwili ni vitu vidogo sana vyenye umbo la panda ya manati, na vinamfaa mgeni huyo mmoja tu, kama ufunguo na kufuli yake. Mara ya kwanza kazi hiyo inachukua kama wiki mbili au tatu. Mgeni akirudi siku nyingine, mwili unamkumbuka na kumvaa haraka zaidi. Ndiyo maana chanjo ya surua inafanya kazi, na ndiyo maana pia paja la binti wetu lilianza kuwasha wiki ya tatu, siyo siku ya kwanza.

Mlinzi anamtambuaje mgeni? Insulini ni mnyororo wa shanga 51, yaani chembe zinazoitwa amino asidi, zilizopangwa kwenye nyuzi mbili zilizofungwa pamoja. Mpangilio huo ulisomwa shanga kwa shanga na Mwingereza Frederick Sanger, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1958. Watu walipolinganisha insulini za wanyama waliona jambo la ajabu. Insulini ya nguruwe inatofautiana na ya binadamu kwa shanga moja tu. Ya ng'ombe inatofautiana kwa shanga tatu. Ni kama kadi ya mgao yenye jina lako sawasawa ila herufi moja imekosewa: mgawaji mwingine atakupitisha, mwingine atakuweka pembeni mpaka jioni.

Kuna jambo la pili ambalo tulikuwa hatulijui. Insulini ya mwili inamwagwa moja kwa moja kwenye damu, kidogo kidogo. Ile ya sindano inakaa kwanza chini ya ngozi kama kidimbwi, palepale walinzi walipojaa, leo, kesho, keshokutwa, mwaka mzima. Hata mgeni mwenye adabu akibisha hodi mara nne kwa siku mlangoni pako, mwishowe utamtazama vizuri usoni.

Neno lililokatazwa

Kwa miaka mingi wakubwa wa tiba hawakukubali kwamba insulini yenyewe inaweza kuamsha kingamwili. Walisema ni ndogo mno. Wakiona muwasho, walisema ni uchafu wa kiwandani.

Mjini New York, katika hospitali ya wanajeshi wastaafu ya Bronx, walikuwako watu wawili, Solomon Berson aliyekuwa daktari, na Rosalyn Yalow aliyekuwa mtaalamu wa fizikia. Maabara ya kwanza ya huyo mama ilikuwa stoo ya mfanya usafi. Waliibandika insulini alama ya iodini yenye mionzi, wakawachoma watu, kisha wakafuatilia itapotea kwenye damu kwa haraka gani. Walitazamia kwamba kwa wagonjwa wa kisukari itapotea upesi. Ikawa kinyume! Kwa watu waliokwisha kuchomwa insulini muda mrefu, ilikawia kutoka. Tena ilikawia hata kwa watu wasio na kisukari waliochomwa insulini kwa ajili ya maradhi ya akili, kama ilivyokuwa desturi wakati ule. Kwa hiyo si ugonjwa uliokuwa unaizuia. Ilikuwa imeshikwa na kitu kilicholetwa na sindano zenyewe: kingamwili.

Waliandika habari hiyo, jarida moja likakataa. Jarida la pili nalo likakataa mwanzoni, likakubali kuichapisha mwaka 1956 baada ya neno "kingamwili" kuondolewa kwenye kichwa cha habari. Yalow aliitunza barua ile ya kukataliwa, na baadaye alipopokea tuzo kubwa akaionyesha hadharani. Sisi tuliokwisha kurudishwa na karatasi zetu mara tatu kwa sababu ya neno moja tunamwelewa vizuri mama huyu.

Sasa simbilisi

Wenzetu wa Kivu ya Kusini wanawaita dende, wengine kwa Kifaransa kobayi. Hawahitaji kuelezwa. Wanakaa jikoni karibu na moto, wanakula majani na maganda, mtoto wa miaka saba anaweza kuwa na wake watano, akauza wawili akanunua daftari. Ni mnyama mpole asiye na ugomvi na mtu.

Lakini kwa insulini ya ng'ombe au ya nguruwe, hakuna mnyama wa maabara aliyejulikana sana kwa ukali kama huyo. Wachunguzi walimchoma simbilisi insulini ya ng'ombe kidogo chini ya ngozi, mara nyingi wakiichanganya na mafuta maalumu ya kuichokoza kinga, wakarudia baada ya wiki kadhaa. Walipotoa damu yake waliikuta imejaa kingamwili zenye kuishika insulini kwa nguvu kama kupe.

Sababu iko kwenye zile shanga. Insulini ya simbilisi si kama ya wanyama wengine wanaonyonyesha. Karibu theluthi moja ya shanga zake ni tofauti na za binadamu, wakati nguruwe ana moja tu. Kwa simbilisi, insulini ya ng'ombe si kadi yenye herufi iliyokosewa. Ni kadi ya mtu mwingine kabisa.

Mwaka 1955, tena huko Toronto, Peter Moloney na mwenzake Coval walifanya jaribio ambalo tulilisoma mara mbili ili kuhakikisha tumelielewa. Walichukua maji ya damu ya simbilisi waliozoeshwa insulini ya ng'ombe, wakawachoma panya wazima wasio na ugonjwa wowote. Panya wakapata kisukari. Kingamwili za simbilisi ziliingia kwenye damu ya panya, zikakamata insulini ya panya mwenyewe, na sukari ikapanda kama vile kongosho limetolewa. Zilipokwisha nguvu, ugonjwa nao uliondoka.

Na simbilisi wenyewe, waliojaa kingamwili hizo? Walikuwa wazima, wanatafuna majani yao. Kingamwili zao hazikuigusa insulini yao wenyewe, kwa kuwa haifanani na ile waliyofundishwa kuikamata.

Tunawaomba msome tena aya hizo mbili, maana jibu la swali la mama limo humo. Kinga haina chuki na dawa kwa kuwa ni dawa. Inaangalia umbo. Mgeni akitofautiana sana, vita ni kubwa. Akikaribiana, ni mnong'ono tu. Mbwa anatuonyesha jambo hilohilo kwa upande wa pili. Insulini ya mbwa na ya nguruwe ni sawa shanga kwa shanga, kwa hiyo mbwa wagonjwa wanaotibiwa kwa insulini ya nguruwe si rahisi watengeneze kingamwili, wakati wale wanaopewa ya ng'ombe wamekutwa nazo mara nyingi zaidi. Paka yuko karibu na ng'ombe, shanga moja tu. (Msituulize kwa nini paka amefanana na ng'ombe. Tulicheka pia.)

Benchi la zahanati

Berson na Yalow hawakuishia kulalamika kwamba kingamwili zinaishika dawa. Walifikiri: kama kingamwili ya simbilisi inaishika insulini kwa uhodari hivi, basi na itufanyie kazi ya kupima.

Wakati ule hapakuwa na njia nzuri ya kupima insulini kwenye damu ya mtu. Ni kidogo mno, kama kutafuta chembe ya chumvi ndani ya tangi la maji. Walichokifanya tutakieleza kwa mfano wa zahanati.

Tuseme benchi la zahanati lina nafasi kumi. Benchi ndilo kingamwili za simbilisi. Wanakuja watu kumi wenye kofia nyekundu, yaani insulini iliyobandikwa alama ya mionzi, wanakaa wote. Sasa wanakuja watu wasio na kofia, ambao ni insulini ya mgonjwa. Nao wanataka kukaa. Wanasukumana, na wenye kofia wengine wanabaki wamesimama. Ukihesabu kofia nyekundu zilizobaki kwenye benchi, utajua ni wangapi wasio na kofia waliokuja, hata kama hukuwaona mlangoni. Kofia chache, insulini nyingi. Kofia nyingi, insulini kidogo. Basi, hiyo ndiyo siri yote.

Walianza na kingamwili za sungura, lakini za simbilisi ndizo zilizoishika insulini ya binadamu vizuri. Mwaka 1959 walitangaza njia hiyo, mwaka 1960 wakaieleza kwa urefu. Na jambo la kwanza waliloliona likapindua mawazo ya watu: wazee wengi waliopata kisukari ukubwani hawakukosa insulini. Walikuwa nayo, wengine kupita watu wazima, ila mwili ulikuwa hauisikii. Hilo lilisaidia kuzitenganisha aina mbili za kisukari kwa vipimo, na ndiyo maana leo baba mwenye kisukari anaweza kupewa vidonge, wakati mtoto wa jirani hana njia isipokuwa sindano.

Hawakuidai njia yao hakimiliki. Ilienea, ikatumika kupima homoni nyingi, pia kukagua damu ya kuongezewa isiwe na homa ya ini aina ya B. Berson alifariki mwaka 1972. Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka 1977, na kwa kuwa haipewi marehemu, Yalow aliipokea bila yeye. Leo maabara nyingi zimeacha mionzi, lakini wazo la kutumia kingamwili za wanyama limebaki. Kile kipimo cha malaria cha tone moja la damu, mnachosubiri mstari wa pili kwa wasiwasi, nacho kina kingamwili zilizotokana na panya.

Kwa hiyo mtoto wetu afanyweje?

Turudi kwa binti. Kwanza, suala la nguruwe. Wengi hapa kambini, Waislamu na Wasabato hasa, hawali nguruwe, na swali lao tunaliheshimu. Insulini ya nguruwe na ng'ombe ndiyo iliyotumika dunia nzima kwa miaka 60. Lakini mwaka 1978 wataalamu huko California walifaulu kuipa bakteria maelekezo ya kutengeneza insulini yenye shanga zilezile 51 za binadamu, na mwaka 1982 ikaruhusiwa kutumika Marekani. Nyingine hutengenezwa na hamira. Siku hizi insulini nyingi zinazogawiwa hospitalini ni za namna hiyo, na kwenye chupa au boksi utaona limeandikwa neno la kuonyesha ni ya binadamu. Tuliomba tuonyeshwe chupa ya binti, na ndivyo ilivyoandikwa. Kwa hiyo bibi alisema habari za zamani. Kama una shaka na chupa yako, mwulize mganga akusomee, ni haki yako. Ile ya rangi ya maziwa huwa na kitu kingine ndani yake, protini inayotokana na samaki, iliyowekwa ili dawa iyeyuke polepole.

Pili, kama ni ya binadamu, mbona paja liliwasha? Hapa ndipo tulipokumbuka kile kidimbwi chini ya ngozi. Hata insulini ya binadamu huamsha kingamwili kwa watu wengi, ila kwa kiasi kidogo kuliko ile ya ng'ombe, na wengi hawajui hata kama wanazo. Kwa wachache muwasho na uvimbe hutokea wiki za mwanzo, kisha mwili unazoea na yanapungua yenyewe. Tena si kila muwasho ni kingamwili. Dawa iliyotolewa kwenye baridi ikachomwa hapohapo inauma. Spiriti isiyokauka inachoma. Hata dawa ya kuzuia uozo iliyomo chupani inaweza kumsumbua mtu. Binti alikuwa akichomwa sehemu moja ileile ya paja la kulia kila siku, maana hapo, alisema, alishapazoea.

Tofautisheni pia uvimbe na shimo. Uvimbe laini unaokua polepole mahali panapochomwa kila siku ni mafuta yaliyorundikana, na kinga haihusiki. Tatizo lake ni kwamba dawa ikichomwa humo hainyonywi vizuri. Hamisha sindano: tumbo, mapaja yote mawili, mikono, kila mara mahali papya. Shimo, yaani nyama iliyobonyea pale unapochoma, ndilo lililokuwa kazi ya kinga, na lilionekana sana enzi za insulini chafu ya wanyama. Siku hizi ni nadra. Ukiliona, lionyeshe hospitali.

Mara chache sana kingamwili huwa nyingi kiasi cha kuishika dawa yote, mgonjwa akahitaji dozi kubwa ajabu, au zikaiachia saa isiyotarajiwa na sukari ikashuka usiku. Mtoto akiamka anatetemeka, ana jasho la baridi, anaongea ovyo, mpe kitu chenye sukari kwanza, kama bado anaweza kumeza, maswali baadaye. Na kuna ule mzio wa hatari: midomo na uso kuvimba, vipele mwili mzima, kifua kubana mara baada ya sindano. Huo hausubiri asubuhi. Kimbia hospitali, na hata hapo usiamue peke yako kuacha insulini. Waganga wana njia ya kubadilisha aina, au kumzoesha mgonjwa kwa dozi ndogo ndogo chini ya uangalizi.

Hapo ndipo bibi alipokosea. Aliona kweli kwamba mwili unagombana na dawa, akaona suluhisho ni kuiondoa dawa. Lakini ugomvi wa paja ni wa kuwasha. Kuondoa insulini kwa mtoto wa aina ya kwanza ni suala la siku chache. Tena kisukari chake chenyewe kililetwa na kinga: walinzi walewale walipotea njia, wakaharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Zikiharibika hivyo hazirudi, hata mtoto apumzishwe sindano kiasi gani.

Tulimrudia bibi tukamweleza. Alinyamaza muda mrefu, akasema kwao, utotoni, mtoto wa shangazi yake alikufa hivyohivyo, anakunywa maji na kukojoa, na hawakujua ni nini. "Nilidhani dawa ndiyo inayoleta," akasema. Hatukuwa na la kuongeza.

Joto la hema

Jambo la mwisho, kwa sababu linagusa kinga na linatugusa sisi. Insulini iliyoharibika kwa joto kali, kwa jua au kwa kugandishwa inashikamana na kuwa mabonge madogo. Mabonge hayana nguvu ya dawa, na walinzi wa chini ya ngozi huyatilia shaka zaidi kuliko insulini iliyoyeyuka vizuri. Ile inayotakiwa kuwa angavu, iwe angavu kama maji ya chujio. Ile ya maziwa, izungushe taratibu kati ya viganja, isitikiswe. Vikibaki vipande au utando kwenye kioo, irudishe.

Friji hatuna, tunajua. Katika kambi ya Dagahaley, huko Dadaab nchini Kenya, wagonjwa walikuwa wakilazimika kwenda hospitali kila mara kuchomwa kwa sababu hiyo tu. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva wakapima joto la majumbani kule, likawa linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wakaiga joto hilo maabara kwa wiki nne, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba insulini ilibaki na nguvu yake. Hilo si ruhusa ya kuiacha dirishani. Mtungi wa udongo ndani ya mchanga wenye unyevu, kivulini, na chupa ikiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, unasaidia sana. Fuateni muda wa kutumia mtakaopewa na hospitali yenu.

Binti amerudi shule. Anajichoma mwenyewe sasa, mama akiangalia, na amechora mwili wa mtu nyuma ya daftari la hesabu, anaweka alama ya kalamu kila mahali alipochoma ili asirudie. Paja limetulia. Tulipomsimulia habari za simbilisi alitaka kujua jambo moja tu, kama wale wa Toronto baadaye waliachwa waende zao. Akasema nyumbani alikuwa na wanne, mmoja mweupe, na hajui nani aliwapa majani.

Wenye maswali ya afya ya familia wayaandike na kuyatumbukiza kwenye sanduku letu la barua, bila jina kama mnapenda.